Mwaka Tuliojitoa Kwenye Kifurushi cha Kompyuta

Mwezi uliopita Mama Kulwa, mshonaji mwenzangu, aliozesha binti yake kule Makanyagio, na sisi washonaji watano tukakalishwa meza moja, tumevaa kitenge cha aina moja, kila mtu na darizi yake shingoni aliyoitoa kwenye mashine yake mwenyewe. Ilikuwa siku nyingi hatujakaa hivyo. Mmoja siku hizi yuko Inyonga, mwingine kahamia Karema anashonea watu wa ziwani, kutukutanisha wote mpaka mtu aolewe au afe. Hatujamaliza hata soda ya kwanza wakaanza fujo zao: "Bibi Skola, tufanyie Bwana Sistimu!" Nikawaambia niacheni, mimi mtu mzima, nimekuja kula. "Tufanyie!" Basi nikainuka, nikabana pochi kwapani kama yule kijana wakala wa programu ya kompyuta anavyobana begi lake la laptopu, nikanyoosha shingo, nikasema kwa ile sauti ya puani iliyotoka Dar na basi: "Mama zangu, hapa tunaongelea sistimu, mnaelewa? Mkikata malipo tu, kila kitu kinaganda. Tuko pamoja? Kinaganda!" Meza nzima ikalala kwa kucheka. Na mwenyewe alikuwepo! Bwana Sistimu mwenyewe, na mke wake, meza ya tatu, kashika paja la kuku. Akaniambia, "Bibi, miaka yote hii bado hujanisamehe?" Nikamjibu nimeshakusamehe siku nyingi, ila sauti yako sikurudishii.

Nikarudi nyumbani nikamwambia Koleta kaa hapo, chukua daftari, nataka mwaka ule uandikwe kabla sijasahau nani alisema nini. Maana mimi naitwa Skolastika, lakini shule sijaingia hata kuomba maji ya kunywa. Koleta, msichana ninayefanya naye kazi, ndiye msomi wa nyumba hii, kidato cha nne na kozi ya kompyuta juu. Mimi nasema, yeye anaandika. Na hapa amenuna kwa sababu anajua kuna sehemu inakuja ambayo yeye atachekwa. Andika, Koleta, usiruke. Watu wengine ukiwauliza mwaka uliowafanya wawe watu, wanakwambia nilikuwa na miaka kumi na saba, nilikuwa kisichana, nilikuwa hivi na hivi. Mimi nilipokuwa na miaka kumi na saba nilikuwa mjinga tu kama wengine. Mwaka wangu mimi ulinikuta magoti yameshaanza kulalamika na meno matatu yameshaniaga. Ndio mwaka nilioanza kuwa kijana.

Chumba chetu kilikuwa hapa hapa Shanwe, Mpanda mjini, chumba kimoja chenye dirisha moja, nikakigawa katikati na pazia la kanga. Nyuma ya pazia kitanda changu, sufuria mbili na jiko la mkaa. Mbele ya pazia mashine. Na ninaposema mashine sisemi cherehani ya miguu, hiyo nilishonea miaka mpaka kanyagio likapata umbo la mguu wangu. Nasema mashine ya darizi, ile ya umeme, unaweka kitambaa kwenye fremu, unachomeka flashi, unabonyeza, inaanza kuchora nembo ya shule kwa uzi huku wewe umekunja mikono kama bwana shauri. Niliinunua kwa kuuza shamba langu la mpunga kule Mpimbwe, na wifi yangu, mke wa kaka, akasema, nisikilize anavyosema, anasema huku anavuta pumzi ndani: "Iiih! Wifi ameuza ardhi kanunua sindano!" Pembeni ya mashine kulikuwa na meza ndogo ya laptopu, na hiyo ndiyo ilikuwa ufalme wa Koleta. Ndani ya laptopu kuna programu. Mteja akileta picha ya nembo, programu inaigeuza iwe mishono, Koleta anaitia kwenye flashi, flashi inakuja kwenye mashine, mashine inashona. Mimi kwa kuwa sisomi, kila nembo mpya nilitaka iwe na flashi yake, ndogo zile za bei rahisi, na kila flashi nikaifunga uzi. Nyekundu shule ya masista. Kijani na fundo moja, shule ya msingi ya juu. Kijani na mafundo mawili, ya chini. Koleta alikuwa ananicheka, "Bibi, zote zingeingia kwenye flashi moja, ungeandika tu majina." Nikamwambia wewe andika, mimi nafunga, tuone nani atapotea.

Sasa ile programu haikununuliwa ikaisha. Ile ulijiunga, kama unavyojiunga kifurushi cha simu, kila mwezi tarehe kumi na tano saa sita mchana inakata kwenye laini yako, upo, haupo, umeshona, hujashona. Bwana Sistimu ndiye alikuwa wakala, alitukusanya sisi watano wenye mashine za darizi hapa mjini akatuandikisha siku moja, tukanywa na soda. Kwa mwezi ilikuwa bei ya gunia zima la mpunga. Gunia! Novemba mpaka Januari hukuona shida, shule zinafungua, masweta yamejaa mpaka kitandani, nilikuwa nalala na nembo. Lakini Februari? Machi? Mwezi wa nane? Unashona jina la bibi harusi kwenye shali moja, unasubiri wiki mbili. Na tarehe kumi na tano ikifika, gunia linaondoka. Na hakuna aliyethubutu kuacha. Tulilipa kama mtu anavyotoa zaka, kimya kimya, na ukichelewa unaona aibu kukutana na wenzako. Mama Kulwa, huyu ni Msukuma, mwili mkubwa, sauti kubwa, anaongea kama anaita ng'ombe ng'ambo ya mto, alikuwa akipita dirishani kwangu anapiga kelele, na mama kwao ni mayu: "Mayu! Mayu Skola! Leo limeondoka gunia langu, na mimi mwezi huu nimeshona leso mbili!" Namuuliza sasa si uache? Anashuka sauti, anaangalia nyuma kama kuna mtu: "Yaya, mayu, hapana. Mashine itaganda."

Ikafika mahali nikilipa programu Koleta hapati kitu, nikimpa Koleta cha kwake programu itakata. Tulikula ugali wa muhogo na matembele mpaka Koleta akasema ameanza kuota majani. Ndipo akaja mnunuzi. Alitoka Sumbawanga, mnene, mpole, ana futi ya fundi seremala mfukoni, tukamwita Bwana Futi. Akapima mashine, akapima mlango, akapima mlango tena, akauchora alama za chaki. Alikuwa anaongea polepole utafikiri kila neno analinunua: "Mama... nitakuja... baada ya Pasaka. Nitakuja na pikapu... na kamba. Wewe... iandae tu." Nikakubali. Nilikubali kwa mdomo huku moyo umekaa chini sakafuni. Maana mashine ikienda, chumba nitalipia na nini? Ningerudi Mpimbwe kukaa jikoni kwa wifi, na nilishaisikia sauti yake kabla sijafika: "Wifi, hapo usikae, hapo ni pa kuku." Koleta sikumwambia. Bwana Futi alikuja siku Koleta kaenda sokoni, nikadhani nimeficha. Siku ya tatu yake niko nyuma ya pazia nachambua mchele, nikamsikia Koleta upande wa pili anaongea na simu, sauti ya chini ile ya kanisani: "Bibi anauza mashine. Hajaniambia, lakini meza imesogezwa na nimeona alama za chaki mlangoni. Niulizie hapo saluni kama wanachukua mtu. Hapana, sijamwambia kama najua. Ataumia." Nilibaki na ungo mapajani. Huyu mtoto wa watu ananificha anachojua ili mimi niendelee kumficha ninachoficha. Koleta, usifute hapo. Ndivyo ilivyokuwa.

Kwaresima ikiwa katikati, mama mwenye nyumba akafariki. Mama mzuri, juu ya kodi alikuwa anatudai kelele tu, anasema mkicheka chekeni kwa sauti na mimi nisikie. Na kwetu msiba ukiwa uani, kazi inalala. Hakuna kusaga, hakuna kutwanga, hakuna mashine kulia mpaka tanga lianuliwe. Tulilala kwenye mikeka na wafiwa, tukapika ubwabwa na maharage kwenye masufuria ya kukodi, na hela iliyokuwa kwenye laini yangu nikaitoa yote, ikaenda kwenye sukari na majani ya chai ya waombolezaji. Tarehe kumi na tano ikapita tuko mikekani. Wala sikuikumbuka. Nani atakumbuka kompyuta na mtu amelala ndani? Tulipoanua tanga Koleta akaenda kwao Litapunga kumsaidia mama yake shambani siku nne. Nikabaki peke yangu na oda ya masista, nembo ishirini za masweta, na Sista mwenyewe alishapita, yule anaongea kama anasoma somo la kwanza: "Bibi Skolastika, amani iwe nawe, na masweta yawe Ijumaa."

Asubuhi nikawasha umeme, nikafungua na laptopu kwa mazoea, maana Koleta huifungua kila siku, nilidhani ni kama kufungua dirisha. Kukawa na maandishi mekundu kioo kizima. Makubwa, mekundu, yana alama ya kitu kama kengele. Nikayaangalia. Yakaniangalia. Nikasema hili tangazo zuri, labda ni la Pasaka. Nikaenda zangu kwenye mashine, nikachukua flashi yenye uzi mwekundu, nikachomeka, nikapanga kitambaa, nikabonyeza. Mashine ikalia kama kawaida yake, taka-taka-taka, ikatoa msalaba, ikatoa kitabu, ikatoa yale maneno ya pembeni ambayo mimi nayajua kwa umbo kama ninavyojua nyuso za watu. Ya kwanza, ya pili, ya kumi. Siku mbili nikamaliza ishirini na mbili, maana mbili niliharibu ukingo nikarudia. Nikazipiga pasi, nikazipanga kitandani, nikala zangu samaki, mgebuka mmoja mzima, kwa furaha.

Koleta akarudi na karanga mbichi kwenye mfuko. Hata hajavua kandambili akaona laptopu. Akapiga ukelele, na huu naomba auandike kama ulivyo: "Mama yangu weee! Bibi, imeganda! Imekata! Tumekufa!" Nikamuuliza nini kimeganda. "Programu! Hapa wameandika muda wako umekwisha, lipa sasa! Tangu tarehe kumi na tano! Masista tutawaambia nini, Ijumaa ni kesho!" Nikamwambia tazama kitandani. Akatazama. Akainua nembo moja, akaigeuza nyuma, akaigeuza mbele. "Hizi umeshona lini?" Jana na juzi. "Na nini?" Nikamwambia na meno yangu, Koleta. Na mashine! Akakaa kwenye stuli, kandambili moja mguuni moja mkononi. "Lakini... imekata." Nikasema iliyokata ni hiyo yako ya mezani. Hii ya kwangu haikusikia habari. Tukatazamana. Miaka miwili na nusu, watu wazima watano, na msichana mwenye cheti cha kompyuta, hakuna aliyewahi kujaribu kuchomeka flashi bila kulipa. Wenzangu walijua kusoma, basi wakasoma vitisho wakaviamini. Mimi ndiye pekee nisiyeweza kuogopeshwa na maandishi. Siku zote nimeona haya kutojua kusoma, nikienda hospitali nasema nimesahau miwani. Siku hiyo nilitembea chumbani nimeweka mikono kiunoni kama waziri.

Tukaanza kufikiri sasa, siyo kulia. Nikamuuliza Koleta, hiyo programu kazi yake ni kutengeneza nembo mpya tu, siyo? Akasema ndiyo, iliyokwisha tengenezwa iko kwenye flashi, programu haiigusi tena. Basi mwaka mzima tumetengeneza ngapi mpya? Koleta akaanza kufungua madaftari, mara nadhani, mara sina uhakika. Nikamwagia flashi zangu mezani na nyuzi zake. Kila uzi ni nembo moja, na mimi uzi nakumbuka nilifunga lini kama mama anavyokumbuka alijifungua mvua ikiwa wapi. Huu Novemba, huu Novemba, huu Desemba, hizi tatu Januari wiki ile umeme ulikuwa unakatika. Hizi tatu mwezi wa sita, shule kabla ya kufungua. Zikatimia tisa. Novemba, Desemba, Januari na Juni. Miezi minane mingine tulikuwa tunalipia maandishi yakae kwenye kioo.

Nikamwita Mama Kulwa. Akaja, akajaza mlango, nikamuonyesha. Hakuamini. "Hiyo ni ya kwako mayu, ya kwangu itaganda, mimi sina bahati." Nikamwambia kaa. Mume wako ana plau na maksai, siyo? "Anayo." Watu wanakodi? "Wanakodi, mpaka wanagombana zamu." Mwezi wa nane anamkodisha nani? Akacheka mpaka stuli ikalia. "Mayu, mwezi wa nane nani atalima vumbi?" Nikasema mtu akija mwezi wa nane akasema nipe plau nikalitazame tu, nitakulipa bei ile ile ya masika, utamwonaje? "Nitasema huyu kachanganyikiwa, nimpeleke kwa padri." Basi, nikamwambia, mpeleke Mama Kulwa kwa padri, maana ndiye anayekodi plau la Bwana Sistimu mwezi wa nane. Halafu akapiga paja lake, paa! "Mayu! Na tuko watano! Kijiji kizima kinalima na plau moja la mume wangu!" Alishafika mwenyewe, tena alipita mbele yangu. Kesho yake tukaenda kwake, tukazima intaneti kwenye laptopu yake, tukaifunga kabisa, tukachomeka flashi kwenye mashine. Alisimama kafumba macho na vidole masikioni, kama mtu anayengoja baruti. Mashine ikashona. Akafumbua jicho moja. "Inashona?" Inashona. "Shetani huyu," akasema, lakini sijui alimaanisha mashine au kijana.

Bwana Sistimu tukamwita kwa adabu. Nasema kwa adabu maana Koleta alitaka tumpokee na maneno, mimi nikasema hapana, tumpokee na migebuka. Nilimkaangia miwili, nikapika na wali, wale wenzetu watatu wakaja, tukajaa chumba kile mpaka pazia likatolewa na watu wakakaa kitandani. Kijana akafika na bodaboda, viatu vina ncha kama mwiko, akala vizuri. Nikamuuliza, mwanangu, ulituambia tukikata kila kitu kinaganda. "Kinaganda Bibi, sistimu nzima." Na mashine? "Na mashine, yaani vyote vinategemeana." Nikamwambia inuka baba, nawa mikono. Nikafungua laptopu, maandishi mekundu yale. Nikabonyeza mashine. Taka-taka-taka. Alisimama pale, mkono mmoja una mafuta ya samaki, anatazama nembo inavyojaa. Sikuona mtu wa kudanganya pale, niseme kweli. Niliona mtu aliyeambiwa jambo Dar akalibeba mpaka Mpanda bila kulifungua. Akasema polepole, bila sauti ya puani: "Bibi, mimi hii mashine sijawahi kuiona ikiwashwa."

Basi akampigia mkubwa wake, tukaweka simu sauti ya nje. Kwanza muziki. Muziki mrefu, Mama Kulwa akaanza kutikisa mabega amekaa. Halafu mwanamke, sauti tamu kama asali ya Inyonga iliyochujwa mara tatu: "Mteja wetu mpendwa, nikusaidie nini?" Nikamwambia mpendwa wako nina wenzangu wanne na kompyuta tano, na wote leo tunajitoa. Ule utamu ukapungua. "Mama, kuna changamoto yoyote?" Nikamwambia changamoto hakuna, tunalima kwa zamu tu. Tunataka kompyuta moja, ikae chumba kimoja, wote tutengenezee hapo, tulipe miezi minne ya kazi, na minane iliyobaki mtuache tulale. Nikasikia anabonyeza vitu. Chumba kizima hakuna aliyetafuna. Kisha akasema, na hii sauti nikiifanya mpaka leo Mama Kulwa analia: "Mama... kifurushi cha kikundi kipo. Na cha msimu kipo." Tangu lini? "Tangu mwanzo. Hakuna aliyewahi kuuliza." Mama Kulwa akainua mikono juu, akasema kwa Kisukuma maneno ambayo nashukuru yule dada hakuyaelewa. Magunia manne kwa mwaka, watu watano. Haifiki hata gunia moja kwa kichwa. Kabla ya hapo kila mmoja wetu alikuwa anaachia kumi na mawili.

Lakini mtu aliyekatwa miaka miwili na nusu haamini simu. Pasaka ikapita, ikaja tarehe kumi na tano, na kila mmoja aliacha hela kwenye laini yake kwa makusudi, tuone kama kweli tumetoka. Walikuja wote chumbani kwangu asubuhi. Tukaweka simu tano kwenye ungo, ungo juu ya mkeka, tukazunguka. Nilipika kuku wa Mama Kulwa. Saa sita kasorobo hakuna anayeongea, saa sita hakuna anayepumua, na hapo hapo mlangoni, "Ho...di." Bwana Futi, na kamba mbili begani. Nyuma yake pikapu. Nikamwambia karibu baba, kaa pale, usiseme kitu. Akaona wanawake watano na msichana wameinamia ungo. Akavua kofia. Akaninong'oneza: "Mama... kuna msiba?" Nikamwambia bado hatujajua.

Akakaa. Alipewa sahani akala kimya, mtu mwenye heshima yule. Saa sita na nusu simu moja ikalia, tii! Mama Kulwa akaanguka nyuma, "Nimekufa mie, wamenikata!" Koleta akaisoma, kumbe ni tangazo la kubahatisha mpira. Saa saba. Saa saba na nusu. Saa nane kamili nikamwambia Koleta basi, angalia. Akachukua simu moja moja, anaangalia salio, anairudisha kwenye ungo. "Ipo. Ipo. Ipo." Ya Mama Kulwa: "Ipo." Akachukua ya kwangu, akaitazama muda mrefu mpaka nikataka kumpiga na mwiko. "Bibi," akasema, "ipo yote." Vigelegele vilivyotoka mle ndani, jirani alikuja mbio kuuliza nani kajifungua.

Bwana Futi akasubiri kelele ziishe, akafungua futi yake nusu, akaifunga. "Sasa mama... tuifunge kamba?" Nikamwambia haiuzwi. "Kwa nini mama... ni bei?" Nikasema siyo bei, baba, ina kazi. Na nikamwonyesha Koleta kwa kidole, nikasema mbele ya wote, tena kwa sauti ya kusikika mpaka uani, huyu naye ana kazi, na mambo ya saluni sitaki kuyasikia kwenye simu nyuma ya pazia langu. Koleta akaangalia chini. Bwana Futi wa watu akakunja kamba zake, akanishukuru kwa kuku, akaondoka na pikapu tupu inapiga kelele za mabati. Wenzangu wakaanza kukusanya sahani wanaimba. Koleta alipangusa macho kwa kiganja, akavuta stuli, akakaa kwenye mashine, akafuta zile alama za chaki mlangoni kwa kunyoosha mkono tu bila kuinuka, halafu akaniuliza kama ni siku ya kawaida kabisa: "Bibi, tuanze na shali za kwaya au jezi za timu ya mpira?" Nikamwambia anza na kwaya. Wale wa mpira wamezoea kufungwa, watavumilia.